Kisu cha Baba, Panya wa Nyoka

Baba alikuwa na visu vitatu na jiwe moja la kunolea. Jiwe lilikaa ndani ya beseni la maji nyuma ya nyumba yetu hapa Kiwanjani, na kila siku kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia likisugua chuma, shwaa, shwaa, mpaka usingizi ukanikimbia. Alikuwa mchinjaji. Isiolo ni mji wa mifugo: ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia huletwa hapa kutoka Merti, Garba Tulla na Marsabit, na mkono wa kuchinja haukosi kazi. Baba alijaribu makali ya kisu kwa unywele wa mkono wake mwenyewe. Unywele usipokatika, kisu kilirudi kwenye jiwe, hata kama wateja walikuwa wameshapanga foleni.

Alikuwa na masharti manne, nasi wanawe tuliyajua kabla ya kujua kusoma. Mnyama anyweshwe maji kwanza. Asioneshwe kisu. Asichinjwe mwenzake akitazama. Na mkono ukishuka, ushuke mara moja tu. Hakuyabuni yeye. Ni adabu za uchinjaji ambazo Waislamu wamefundishana tangu zama za Mtume, zinazosema kwamba wema umeamrishwa katika kila jambo, hata katika kuua. Ila kwa baba yalikuwa mazito kuliko somo la madrasa. Wakati wa vita vya shifta, kati ya 1963 na 1967, alikuwa kijana mwenye mtoto mchanga, na mtoto huyo ni mimi. Mifugo ya watu wa kwao iliteketea miaka hiyo kwa risasi, kwa kiu na kwa maradhi. Ng'ombe aliyejeruhiwa akaachwa juani kutwa nzima ni jambo alilotusimulia mara moja tu, na hakulirudia.

Kisu chake sikukirithi mimi. Alikirithi kaka yangu. Riziki ilinipeleka pwani, nikafanya kazi miaka 27 katika shamba moja la nyoka, kazi yangu ikiwa kuwalisha. Watu wakisikia hivyo huniuliza habari za sumu na meno. Walioniuliza habari za panya, katika miaka yote hiyo, hawazidi vidole vya mkono mmoja. Basi naandika habari za panya huyo: jinsi watu wa kwetu na wa mbali walivyomtoa kwa nyoka waliowaweka, na jinsi mkono unaomtoa ulivyojifunza huruma polepole.

Nianzie hapa nyumbani. Kiwanjani ni mtaa uliopata jina kwa kiwanja cha ndege. Nilipokuwa mtoto, ndege ndogo ikitua tulikimbia kuifuata vumbi likiwa bado angani. Leo uko uwanja mkubwa wa lami, uliozinduliwa mwaka 2017, una ua mrefu wa waya, na baadhi ya familia tulizocheza nazo zilihama kuupisha. Ardhi yenyewe haijabadilika: mchanga, michongoma, na Mlima Kenya ukionekana kusini asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Ndani ya mchanga huo anaishi nyoka mmoja mnene, mfupi, wa rangi ya machungwa yenye mabaka ya kahawia, mkia butu kana kwamba umekatwa. Ni ndugu wa mbali wa chatu. Hana sumu. Jike lake huzaa watoto hai na mara chache hufikia mita moja. Dume ni mdogo zaidi. Macho yake yako juu ya kichwa, ndiyo maana anaweza kujizika mwili wote akabaki anatazama tu, akimngoja panya apite. Nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa hivi, mama aliponituma kuchota mchanga wa kusugulia sufuria. Nilipiga kelele, jirani akaja na jembe, akamkata katikati. Nyoka akaendelea kujinyonganyonga. Jirani aliondoka akijipangusa mikono, amemaliza kazi yake. Baba alipofika alichukua jiwe, akamponda kichwa kwa pigo moja, kisha akatuambia: "Ukianza kuua, maliza." Katika lile tumbo lililopasuka mlikuwa na panya mzima, manyoya yamelowa, mkia umejikunja. Yule nyoka alikuwa akilinda mahindi yetu.

Nilipofika pwani katikati ya miaka ya themanini, niliajiriwa kwanza kusafisha chumba cha panya. Walikuwa panya weupe, wa kufugwa, ndani ya masanduku yaliyotandikwa maranda. Chumba kilinuka mkojo na mbegu. Kulisha nyoka siku hizo kulikuwa kazi ya dakika mbili: unamshika panya mkia, unafungua mlango wa sanduku la kioo, unamtupa ndani, unafunga. Wageni walipenda kusimama mbele ya kioo wakisubiri. Wengine walishangilia.

Siku moja jioni nilimtupia panya mkubwa chatu jike wa karibu mita tatu, nikaenda zangu nyumbani. Nilikuwa sijajifunza kuangalia macho. Chatu yule macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa buluu, dalili kwamba yu karibu kujivua gamba. Siku hizo nyoka haoni vizuri na hataki chakula. Panya alikesha mle ndani bila mbegu wala maji. Asubuhi nilimkuta ameketi juu ya mgongo wa chatu, anakula. Alikuwa ametoboa ngozi mahali pawili, na mahali pamoja nyama ilionekana nyekundu mpaka karibu na mfupa. Chatu hakuwa amejitetea. Alijikunja tu, kichwa chini ya mwili. Daktari wa mifugo alimshona, nami nikampaka dawa kila siku kwa miezi, na kovu halikutoka hata alipojivua gamba mara nyingi. Tunasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yule nyoka aliyeumwa na panya naye alikuwa akirudi nyuma kila akiona kitu kinachokimbia mbele yake.

Kosa lilikuwa langu, na tangu asubuhi ile nilianza kuuliza. Nani alianza kumlisha nyoka kwa mkono? Aliwaza nini kuhusu kile alichokitoa? Nilisoma nilichopata, nikawauliza wageni wenye elimu hiyo, nikawauliza wazee.

Nyoka wa kulishwa ni wa zamani sana katika nchi zetu, kabla ya kioo na tiketi. Huko Buddu, upande wa Buganda unaopakana na Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Bulonge, palikuwa na hekalu la Selwanga, chatu aliyeheshimiwa kama mungu. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichotoka mwaka 1911, ameandika kwamba mwanamke aliyewekwa kwa kazi hiyo alimpa chatu maziwa yaliyochanganywa na udongo mweupe. Watu walimwendea kuomba watoto na kuomba samaki. Chakula cha kweli cha nyoka ni mnyama mzima, na ngozi na mifupa yake. Lakini natazama jambo moja katika habari ile: aliyemlisha Selwanga alikuwa mtu maalumu, mwenye zamu na chombo chake, na kazi hiyo haikufanywa na kila apitaye.

Kwa Wasukuma kuna Wayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka. Hawa huwakamata nyoka, huwaweka, hucheza nao ngoma mbele ya umati, na hujua dawa za kuumwa. Nyumba walizofundishia wanachama wapya zilichorwa picha kutani, na Hans Cory alizikusanya picha hizo katika kitabu mwaka 1953. Ukienda makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza utaonyeshwa urithi wao. Mcheza nyoka anajua tabia ambayo mimi nilijifunza kwa hasara: nyoka aliyeshiba au anayejivua hachezwi wala halishwi.

Na kwa Waluo yuko Omieri, chatu wa Nyakach. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa nyasi, akatibiwa, akafa, na nchi nzima ikazungumza habari zake. Mwaka 2003 chatu mwingine alitokea huko huko akiwa na mayai, na wanakijiji wakampokea kama Omieri aliyerudi, ishara ya mvua na mavuno. Mtu aliyefurahi hivyo hafiki kwa mgeni mikono mitupu. Katika desturi zote hizi tatu, anayetajwa ni nyoka na baraka zake. Mnyama anayetolewa hana jina wala hasimuliwi. Sisemi hivyo kuwalaumu wazee wetu. Nilikuwa hivyo hivyo mimi mwenyewe, nikimshika panya mkia.

Uingereza nako walikuwa hivyo. Bustani ya wanyama ya London ilijenga nyumba ya nyoka mwaka 1849, ya kwanza ya aina yake duniani, na nyoka walilishwa sungura, ndege na panya walio hai. Kwa miaka mingi watu waligombana juu ya jambo hilo: wengine walisema ndiyo maumbile, wengine wakasema ni ukatili wa kutazamwa kwa kiingilio. Aliyeleta hoja mpya ni Peter Chalmers Mitchell, aliyekuwa katibu wa bustani hiyo kuanzia 1903, pamoja na msimamizi R. I. Pocock. Walijaribu kuwapa nyoka wao wanyama waliokwisha kuuawa, na mwaka 1907 wakachapisha matokeo: nyoka walio wengi wanakula mfu vizuri tu. Ule usemi kwamba nyoka hagusi kisicho hai haukuwa kweli kwa wengi wao.

Walitazama jambo jingine pia, nalo linanigusa kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Waliwaonyesha wanyama mbalimbali nyoka, wakaona kwamba nyani na jamaa zake huingiwa na hofu kubwa, lakini wanyama wengi wadogo hawajali. Ni kweli. Nimemwona panya akimpanda chatu mgongoni kama anayepanda gogo, akikaa hapo anajisafisha masharubu. Ukimtazama unaweza kujidanganya kwamba hapa hakuna dhuluma. Lakini kutojua kinachokuja hakupunguzi uchungu kinapofika. Mbuzi wa baba naye hakujua, na baba alinoa kisu.

Lazima niseme haki upande wa nyoka pia. Mwaka 2015 watafiti nchini Marekani walipima kinachotokea nyoka wa aina ya boa anapombana panya, wakakuta kwamba damu ya panya huacha kuzunguka katika muda wa sekunde chache. Zamani tulidhani anamnyima pumzi tu, polepole. Kumbe nyoka mwenye njaa, aliyevizia vizuri, anaua upesi kuliko tulivyofikiri. Porini ana nafasi ya kuchagua saa yake, na panya ana nafasi ya kukimbia. Sanduku la kioo limewanyang'anya wote wawili nafasi hiyo. Humo ndani kila kitu kimeamuliwa na mwenye ufunguo.

Hapa Afrika Mashariki ufunguo huo ulishikwa kwa muda mrefu na watu wa makumbusho na wawindaji. Arthur Loveridge alifika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi makumbusho, akajaza chupa za nyoka na mijusi kabla ya kuhamia chuo cha Harvard. Tanganyika alikuwako C. J. P. Ionides, askari aliyegeuka mwindaji haramu wa ndovu, kisha afisa wa wanyamapori, kisha mkamata nyoka mashuhuri wa kusini, huko Liwale na Newala. Watu walimwita Bwana Nyoka. Alikamata maelfu kwa mkono wake, koboko na vifutu na wengine, wakasafirishwa hai hadi bustani za wanyama na maabara za nje. Alifariki mwaka 1968. Mwaka 1961, ng'ambo ya makumbusho ya Nairobi, ilifunguliwa Bustani ya Nyoka, na watoto wa shule wa nchi nzima wakaanza kupelekwa huko kwa mabasi. James Ashe, aliyewahi kuisimamia, alianzisha na mkewe Sanda shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Swila mkubwa anayetema sumu, aliyetambuliwa na wataalamu kuwa aina ya peke yake mwaka 2007, alipewa jina lake, Naja ashei.

Nyoka wote hawa walikula. Katika vitabu vinavyosimulia ushujaa wa kuwakamata, chakula chao hupewa mstari mmoja. Ajali ya nyoka kumuuma mtu huandikwa kurasa. Chumba cha panya hakina mwandishi.

Lakini Isiolo tunayo hadithi yetu ya kulisha, na imesomwa dunia nzima. George Adamson, msimamizi wa wanyamapori wa jimbo la kaskazini, aliishi na mkewe Joy nje kidogo ya mji huu. Februari 1956 alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alibaki. Alikuzwa kwa maziwa na nyama aliyopewa mkononi, na walipoamua kumrudisha porini, shida kubwa ilikuwa kwamba hakujua kuua. Ilibidi afundishwe. Alijifunza, akaishi huru, akazaa, akafa Januari 1961.

Nimeifikiria hadithi hiyo mara nyingi nikiwa na panya mkononi, na imenipa kanuni ambayo sikuipata kwingine. Kuua ni elimu ya anayerudi porini. Elsa alihitaji windo hai kwa sababu uhuru wake ulitegemea. Nyoka ambaye atazaliwa, ataishi na kufa ndani ya sanduku hana safari ya kuendea. Kumpa panya hai hakumfundishi kitu kitakachomfaa, kunamhatarisha yeye, na kunamtesa panya. Kwa hiyo maneno "ndiyo maumbile" hayana nafasi mbele ya mlango wa kioo. Maumbile yaliachwa nje siku mlango ulipofungwa. Wazee wetu wa madrasa walitusimulia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini. Ukimfungia mnyama umechukua tumbo lake. Na tumbo likiwa la nyoka, umechukua pia kifo cha panya, kikawa kazi ya mkono wako.

Leo kazi hiyo imekuwa biashara kubwa katika nchi za nje. Mgeni mmoja kutoka Marekani alinionyesha picha ya nyoka wake, na moyo uliniruka: alikuwa yule yule wa mchanga wa Kiwanjani, mabaka kwa mabaka. Akaniambia kwamba kwao anafugwa majumbani na anaitwa kwa jina la Kenya; huzalishwa huko huko, na wengi wa wafugaji hawajawahi kuiona nchi hii. Anamlisha panya wa barafu, wanaouzwa kwa ukubwa, kuanzia vichanga wasio na manyoya hadi panya wazima. Hapa kwetu huwezi kumwokota nyoka ukamweka nyumbani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na iko pia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Mashamba yenye kibali ndiyo yenye nyoka, na kazi ya chumba cha panya inaendelea humo.

Acha nieleze tulivyokuwa tukiifanya miaka yangu ya mwisho, maana historia ya kazi ni mikono. Panya wetu walizaliwa, wakala na kunywa vizuri mpaka siku yao. Panya wa mtaani hatukumgusa, kwa sababu hujui kama amekula sumu, na sumu hiyo huendelea kuua ndani ya tumbo la nyoka. Wazima tuliwaua kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, iliyoingizwa katika sanduku kidogo kidogo ili walale kabla ya kusongwa. Wachache tuliwaua kwa mkono, kwa kuwategua shingo mara moja, na aliyeruhusiwa kufanya hivyo ni aliyefundishwa akahitimu. Vichanga wana siri yao: wametoka tumboni karibuni, miili yao huvumilia kukosa hewa muda mrefu, kwa hiyo hewa ile haiwatoshi na inabidi mkono wa haraka. Kumweka panya hai ndani ya friza tulikataza kabisa. Baridi si usingizi.

Waliokufa tuliwafungia kwenye mifuko na kuwaweka katika friza yao wenyewe, mbali na chakula cha watu. Siku ya kulisha, unamtoa jana yake usiku, anayeyuka polepole kwenye jokofu. Asubuhi unautia mfuko katika maji vuguvugu mpaka panya awe na joto la mwili ulio hai. Chatu ana vitundu mdomoni vya kuhisi joto, na panya baridi kwake ni kipande cha mti. Usitumie maji ya moto wala maikrowevu, ataiva ndani na kupasuka. Unachagua unene usiozidi sana unene wa nyoka mwenyewe. Kisha unamkausha, unamshika kiunoni kwa koleo refu, unamsogeza mbele ya nyoka, unamtikisa kidogo. Nyoka anatulia. Ulimi unatoka, mara moja, mara mbili. Shingo inajikunja kama herufi ya S. Halafu pigo, ambalo jicho haliwahi. Anamzungushia mwili na kumkaza, ingawa kifo kilipita zamani, kisha analegeza taratibu na kumtafuta kichwa. Unafunga mlango, unanawa mikono kwa sabuni, unaandika tarehe. Hakuna anayeshangilia. Chatu wangu mwenye kovu alijifunza kula hivyo baada ya wiki kadhaa za kukataa, na hakurudi nyuma tena.

Mwongozo wa kitaalamu wa mambo haya, uliochapishwa na madaktari wa wanyama wa nchi za nje, ulitufikia baadaye. Nilipousoma nilikuta sharti moja ambalo kwetu tayari lilikuwa likifuatwa, na hadithi yake ni hii. Mara tu baada ya ile ajali ya chatu, tulianza kuwaua panya kabla ya kuwatoa. Niliporudi Kiwanjani likizo nilimweleza baba kwa fahari. Alikuwa ameshazeeka, mkono unatetemeka, kisu amemwachia kaka. Alisikiliza yote, tangu ukungu wa macho hadi ubao wa kuulia. Kisha akauliza neno moja tu.

"Na hao wengine, mwanangu, wanaona?"

Sikuwa na jibu. Ubao wetu ulikuwa katika chumba kile kile, mkabala wa masanduku ya panya, hatua mbili. Nilikuwa nimekaa na masharti manne tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba yanamhusu panya. Nikamwambia, kama anayejitetea, kwamba panya si mnyama wa kuchinjwa, haliwi. Akanijibu, "Kwani huruma ni ya kitoweo?" Niliporudi pwani siku ile ile nilitundika pazia la gunia kati ya ubao na masanduku, na mwaka uliofuata tukapata chumba cha pembeni. Sasa wataalamu wanatuambia kwamba panya hutoa harufu na sauti za hofu ambazo sikio letu halizisikii lakini wenzao huzisikia. Baba hakujua habari za sauti hizo. Alijua mbuzi.

Nimestaafu, nimerudi mtaani kwetu. Majirani wakiona nyoka huniita kabla ya kutafuta jembe, nami huwaita watu wa wanyamapori ikiwa ni wa sumu. Mwezi uliopita vijana watatu walinijia na ndoo. Ndani yake alikuwamo nyoka wa mchanga, dume, mwembamba kama kidole, na karibu naye panya mdogo wa nyumbani aliyefungwa uzi mguuni ili asitoroke. Walitaka kumwona akila. Mguu wa panya ulikuwa umeanza kuvimba pale uzi ulipokaza.

Niliwaomba waketi. Nilileta kisu cha baba, kile kidogo, ambacho kaka aliniachia alipofariki, nikaukata uzi taratibu. Tukamwachilia panya nyuma ya choo, akapotea kwenye majani. Nyoka tukampeleka hadi karibu na ua wa kiwanja cha ndege, mahali mchanga ulipo laini, tukaiinamisha ndoo. Alijizika kuanzia kichwa, mkia ukawa wa mwisho. Kijana mdogo kuliko wote akaniuliza, "Sasa babu, si atakufa njaa?" Nikamwambia huyu anajua kazi yake, hatuhitaji. Tungemfungia, ingekuwa yetu.

Jioni nilikichovya kisu kwenye beseni, nikakinoa. Uzi ule ulikuwa wa nailoni, nao huharibu makali.